Pa Kulaza Deni

Mashua tuliiita Deni, maana ilikuwa deni:
mbao za mkopo, misumari ya mkopo,
na tanga nililolishona mimi, Butoyi,
kwa cherehani ya kukodi pale sokoni Mwanga,
turubai la buluu, pindo mara mbili,
sindano saba zikavunjika.

Bukuru, pacha wangu,
aliyenitangulia duniani kwa robo saa
na hajaniacha nisahau,
alisema: Kibirizi. Ndiko watu waliko.

Tukaenda Kibirizi.
Boti za kwenda Burundi zilikuwa zinapakia
saruji, magodoro, mbuzi mmoja mwenye hasira,
injini zikikohoa moshi juu ya maji.
Kijana akaizunguka Deni, akauliza,
“Hii mashine yake iko wapi?”
Bukuru akaonyesha angani.
Makuli walicheka mpaka wakatua magunia.
Usiku wa pili kamba ya nanga ilikatwa.
Hatukuuliza.
Kamba nzuri, Kibirizi, ina ndugu wengi.

Tukajaribu Ujiji.
Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda,
limeingia nyuani mwa watu bila hodi,
vibua wanazunguka mafiga.
Tuliifunga Deni kwenye mwamba wa goli,
uwanja mzima ukiwa maji ya kiunoni.
Watoto wakasema: sawa,
ila ziwa likirudi kwao mechi ni yetu,
na mashua yenu itadaka.

Bangwe, ah, Bangwe!
Pale maji yametulia kama ya kunawa,
mkono wa nchi kavu umeyakumbatia.
Lakini bwana mmoja mwenye geti na mbwa
alitaja kodi ya mwezi,
nami nikaigeuza kichwani kuwa suruali za shule:
arobaini na tatu, na vifungo juu yake.
Nikamwambia Bukuru, twende.

Alikuwa bado anapima.
Kina alikipima kwa upondo,
upepo kwa kipande cha turubai,
miamba kwa dole gumba la mguu, likavimba.
“Hapa kuna kivuli cha kusini,” alisema,
“hapa mchanga, hapa mawe.”
Mimi nilikuwa na swali moja tu, la kifundi:
nani ataiamkia usiku?
Maana upepo wa ng'ambo,
ule unaoshuka milima ya Kongo mwezi wa kumi na moja,
haupigi simu kwanza.

Huko Katonga anakaa Bi Ntakije, mwanika dagaa.
Pumu imemwibia usingizi.
Tangu saa nane hukaa dirishani
akihesabu taa za wavuvi mpaka zizimwe na alfajiri,
na ikipungua moja, anajua ni ya nani.

Shida ilikuwa ndoo tatu za dagaa
alizomkopesha Bukuru mwaka wa mafuta ghali.
Kwa miaka mitatu kaka yangu alipita njia ya juu,
ya miiba, ya mihogo ya watu,
ili tu asipite mlangoni pale.

Nilimshika mkono wa shati.
“Shikamoo, Bi Ntakije. Tunatafuta pa kulaza mashua.”
Hakujibu upesi.
Alisoma rangi nyeupe ubavuni, herufi moja moja,
kama mtu anayechambua mchele.
“Deni,” akasema. “Langu, au la wengine?”
Bukuru akatazama ziwa kana kwamba limemwita.

Tulikubaliana hivi:
ndoo tatu kwanza, kabla ya tanga kupandishwa;
kuhe mmoja kila Ijumaa, mnono, si wa jana;
na siku mashua imelala, foromali ni kamba yake
ya kuanikia kanga.
Bukuru alinung'unika hapo kwenye kanga.
Nikamkanyaga lile dole gumba.

Tuliivuta juu ya mchanga hatua kumi na mbili
kutoka dirishani kwake.
Si ghuba nzuri. Kusi inaingia kidogo,
na harufu ya dagaa imehamia kwenye tanga langu
haitoki hata kwa sabuni ya mche.

Wiki ya tatu, saa tisa usiku, simu ikaita.
Pumzi kwanza, ndefu, zenye filimbi,
kisha sauti yake:
“Njooni. Deni lenu limeamka.”

Tulitoka mbio, radi zikitumulika.
Bukuru, kwa mazoea, akashika njia ya juu.
Nikamwita ageuke.